Kidato cha tano katika shule ya Kanisa: ulizeni kabla ya kulipa ada

SWALI: Assalaam aleikum. Binti yangu kidato cha nne kapata Biolojia B, Jiografia B, Kemia C na Fizikia D. Moyo wake uko kwenye udaktari. Nataka nimpeleke shule ya masista kwa kidato cha tano, lakini sisi ni Waislamu. Watampokea? Na asome tahasusi gani, yaani mchanganyiko gani wa masomo matatu? – Mzazi, Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kupokelewa kusikutie hofu. Shule nyingi za Kikatoliki huchukua watoto wa dini zote, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake kuhusu elimu la Oktoba 1965, ulizitaja kwa upendo shule za Kanisa zinazosomesha hata wasio Wakatoliki. Ila kila shule ina taratibu zake, nazo zimo kwenye fomu ya kujiunga. Wazazi wengi huisoma penye ada na orodha ya godoro, ndoo na fagio, basi. Isome yote, kisha muulize mkuu wa shule: misa ya asubuhi ni lazima kwake, au atabaki akijisomea? Ataruhusiwa kujifunika kichwa? Ijumaa adhuhuri itakuwaje? Na Ramadhani jikoni watamwekea futari na daku?

Hili la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo humtesa mtoto. Bwenini chakula cha jioni kinaweza kupakuliwa saa kumi na moja, jua lingali juu, na uji wa asubuhi hutoka alfajiri imeshapita. Matroni akiarifiwa mapema, sahani hufunikwa na chupa ya chai hujazwa usiku. Akiarifiwa mfungo umeshaanza, binti atafuturu maji.

Sasa masomo, na hapa nakuomba umweleze mtoto ukweli leo. Kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, shule inaweza kutaka krediti, yaani C au zaidi, katika masomo yote matatu. D yake ya Fizikia inaweza kumzuia, kwa hiyo uliza kwanza. CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, anaiweza, lakini haina Fizikia, na shahada ya udaktari inadai angalau D ya kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Hata akipata A tatu za CBG, mlango huo umefungwa, na wengi huligundua hilo wakati wa kuomba chuo, miaka miwili imeshakwenda. Akikosa PCB, njia zilizobaki ni kurudia Fizikia mwezi Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kwenda stashahada ya utabibu, ambayo inakubali D katika masomo hayo. Mimi ningemshauri hiyo ya pili. Akifanya vizuri huko, bado anaweza kuomba shahada ya udaktari baadaye.

SWALI: Tumeambiwa shule fulani ya Kanisa inatoa daraja la kwanza tupu. Tutahakikishaje? – Baba wa kijana, Muheza

JIBU: Fungua matokeo ya kidato cha sita kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, yako wazi kwa kila kituo na kila mwaka. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, na chache ndizo bora, kwa hiyo mwenye 3 na mwenye 9 wanahesabiwa pamoja. Tazama pointi zenyewe, na hasa za tahasusi anayoitaka kijana wako.

Halafu uliza jambo ambalo halimo kwenye tovuti: waliotahiniwa mwezi Mei walikuwa wangapi walipoanza kidato cha tano? Wakianza 90 wakamaliza 60, thelathini wamekwenda wapi? Ndipo utakapousikia mchujo. Uliza pia kama wote husajiliwa kwenye kituo cha mtihani chenye herufi S, cha wanafunzi wa shule. Zipo shule zinazowasukuma wanafunzi dhaifu kwenye kituo cha P, cha watahiniwa wa kujitegemea, ili wastani wa shule usishuke. Mtoto huyo hupoteza alama zake za maendeleo ya darasani na kubebwa na mtihani peke yake, ilhali ada umelipa ileile. Na kama kijana amepangiwa shule ya serikali, kumbuka kwamba huko ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka wa fedha 2022/23.

SWALI: Je, mwanangu anaweza kwenda seminari, kama ile ya Soni, kwa ajili ya masomo tu? – Mama, Pongwe

JIBU: Hapana, mama. Seminari ndogo ni nyumba ya malezi ya wavulana wanaofikiria upadre. Ataulizwa cheti cha ubatizo, kipaimara na barua ya paroko, na gombera, yaani mkuu wa seminari, atataka kusikia habari za wito kutoka kinywani mwake mwenyewe. Kama wito haupo, mtafutie shule ya kawaida ya jimbo au ya shirika la watawa.