Jibu: spoti mbili kwenye pikipiki, swichi inaungua

Kaka, taa hazina kosa, kosa ni njia ya umeme. Umesema spoti zako, yaani taa za ziada za mbele, ni wati 20 kila moja na fundi amezipachika kwenye waya wa taa kubwa. Hizo ni wati 40. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 3.3 juu ya mzigo uliokuwepo. Swichi ndogo ya usukani haikutengenezwa kwa hilo, lazima iyeyuke.

Weka rilei ya pini nne, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa; namba za pini zimeandikwa juu yake. Toa waya mnene kwenye chanya ya betri, upite fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, uingie pini 30. Pini 87 iende kwenye spoti, 85 kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki. Pini 86 ipate umeme kupitia swichi ya spoti, kutoka waya unaowaka ufunguo ukifunguliwa, kama wa honi. Usiuchukue kwenye taa kubwa: pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inakula umeme wa koili ya injini moja kwa moja, umeme unaogeuka-geuka, na rilei itatetemeka tu.

Fyuzi usiikwepe, tafadhali. Waya ukichubuka shingoni mwa usukani bila fyuzi, pikipiki inashika moto, na tenki liko hapo hapo.

Ukisimama Urambo au Kaliua kusubiri abiria, zima spoti. Betri ya ampea-saa 5 (5Ah) haifikishi saa mbili. Na ziinamishe kidogo, anayekuja mbele naye aione barabara.