Pa kuanzia unapomtafutia huduma mtu mwenye ulemavu

Mleta mada anamuuguza mzazi aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Kila ofisi anayoingia inamwelekeza nyingine, na anauliza aanzie wapi.

Mkuu, anza na karatasi, ofisi zifuate. Ukifika na neno "kiharusi" peke yake utazungushwa, kwa sababu huduma hizi hazikugawanywa kwa majina ya magonjwa. Hospitali hupima na kuandika ripoti, ustawi wa jamii huangalia hali ya kaya, vifaa saidizi mara nyingi vina fungu lake, na vyama na mashirika huziba mapengo. Kinachoonyesha uende wapi ni shughuli iliyomshinda: kuinuka kitandani, kuingia chooni, kuvaa, kula, kuzungumza, kukumbuka.

Ziandike kwenye ukurasa mmoja. Mbele ya kila shughuli eleza kama anaimudu, anaifanya kwa taabu sana au hawezi kabisa, nani humsaidia na kwa muda gani. Usieleze siku yake nzuri. Wazee wengi huona haya: akiulizwa "Unatembea?" atajibu "Natembea", na kweli anatembea, ila ameshikwa na watu wawili. Kwenye fomu inabaki "ndiyo", na huduma imeota mbawa. Wewe sema: anafika mlangoni akishikwa, ngazi hapandi, choo cha kuchuchumaa hakiwezi.

Kwenye faili weka nakala za vitambulisho vyenu wote wawili, ripoti ya daktari yenye tarehe, saini na mhuri, karatasi ya kuruhusiwa hospitali, orodha ya dawa, na barua ya kukuruhusu kufuatilia kwa niaba yake. Hiyo barua ndiyo husahaulika, na ndiyo hukurudisha nyumbani. Hakikisha ripoti inataja asichoweza kufanya. Kama ina jina la ugonjwa tu, mwombe daktari aongeze sentensi hiyo papo hapo. Karatasi halisi usimwachie mtu.

Mlango wa kwanza ni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali alikolazwa. Asipokuwapo, yule wa eneo mnaloishi. Sambamba na hilo tafuta chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu. Wanachama wanajua fomu ipi inafanya kazi na ipi ni ya kujifurahisha. Popote uendapo uliza: nani anastahili, nani anatia saini ya mwisho, foleni ina urefu gani, na nikikataliwa nakata rufaa wapi, ndani ya siku ngapi? Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Wakikataa, omba barua, maana jibu la mdomo ni gumu kulikatia rufaa.

Kiti mwendo kina mtego wake. Watu hupokea chochote kinachotolewa, kumbe kiti kisichomkaa kinaumiza. Mpime akiwa amekaa wima. Upana wa nyonga ndio upana wa kiti. Pima pia kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3 hadi 6. Hicho ndicho kina cha kiti. Kikiwa kipana mno, aliyepooza upande mmoja ataegemea upande huo kutwa nzima. Kina kikizidi, atateleza mbele na kukalia mgongo, na hapo vidonda vya mgandamizo, vile vya kukalia sehemu moja muda mrefu, havichelewi. Kama anajisukuma kwa mkono na mguu mzima, kiti kiwe chini kiasi cha kisigino kufika sakafuni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataja hatua 8 za huduma hii, kuanzia mgonjwa kuelekezwa kwenye huduma hadi matengenezo. Wengi huishia kukabidhi kiti na kupiga picha. Kwa hiyo ulizia mto wa kukalia, na nani atakitengeneza kikiharibika.

Usijisahau wewe mlezi. Kwenye maombi yale yale taja kwamba unahitaji mtu wa kukupokea zamu kwa saa kadhaa kwa wiki. Usipotaja, hakuna atakayekupa. Na kabla hujaondoka kliniki, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe namna ya kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kisha ufanye wewe yeye akitazama. Kumvuta kwa mkono uliopooza au kumbeba kwa makwapa kunaweza kutegua bega lililolegea.