Jibu: Macho ya mhusika wangu yanaonekana kama gololi
Ndugu, umeuliza kwa nini macho ya mhusika wako wa 3D, unayemtengeneza kwenye kompyuta, hayana uhai ingawa rangi umezipaka vizuri. Rangi haina kosa, angalia umbo. Jicho si tufe kamili. Mbele kuna konea, yaani utando wa jicho unaopitisha mwanga, imetuna kidogo kama tone la maji. Kwa hiyo tengeneza vipande viwili. Cha nje kiwe angavu, chenye mtuno huo, na kiwango cha kupinda mwanga kiwe 1.376. Cha ndani kibebe duara la rangi linalozunguka mboni, na ulibonyeze kidogo kama kisahani. Taa ikiwa kushoto, utaona upande wa kulia wa duara ndio unaong'aa zaidi. Hapo ndipo jicho linapoanza kukutazama!

Vipimo: tufe la jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, duara la rangi kama 12.

Weupe usiwe mweupe pee, tia wekundu pembeni. Kope la juu lifunike kidogo duara la rangi. Na tafadhali, weka ule mstari mwembamba wa unyevu pale kope la chini linapogusa jicho. Mimi niliuacha kwa muda mrefu, na macho yote yalionekana yamebandikwa tu.