Maji hupenya, hayapenyezwi

Msomaji wa Mikindani, Mtwara, ameleta sentensi mbili. Yake: "Chumvi hufyonza maji ya samaki kwa osmosisi." Mwenzake akaisahihisha: "Maji hupenyezwa na utando wa samaki." Anauliza nani kapatia, na kama ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli tuiite utando au kiwambo.

Hakuna aliyepatia, ingawa wa kwanza ana udhuru. Mtu aliyempasua papa, akampaka chumvi na kumlaza kwenye beseni, akirudi baada ya muda hukuta maji yamejaa chini. Lazima aone chumvi imeyafyonza. Kwa mazungumzo ya pwani, sawa. Kwenye somo la sayansi, kufyonza tuwaachie mizizi na utumbo mwembamba, maana kitenzi hicho humfanya mfyonzaji awe ndiye mwenye kazi. Chumvi haifanyi kazi yoyote. Maji hupita utando wa seli huku na huku muda wote, ila yanayotoka ni mengi kuliko yanayorudi, kwa kuwa nje chumvi imekolea zaidi. Huko kupita kwa maji ndiko osmosisi.

Neno kukolea lishikeni vizuri, ni la jikoni na linatosha kabisa. Ukolezo umezaliwa humo. Wanafunzi hukariri "kutoka ukolezo mkubwa kwenda mdogo" bila kutaja ukolezo wa nini, na hapo ndipo jibu linapogeuka kichwa chini. Andika hivi: maji huelekea upande ambako chumvi imekolea zaidi. Chembe nyekundu ya damu hutulia kwenye maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Kwenye maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi kwa lita, husinyaa. Kwenye maji matupu huvimba hadi kupasuka.

Sasa sentensi ya pili. Kosa liko kwenye kiambishi. Kupenya ni kupita kwa nafsi yako: maji, oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya. Kupenyeka ni sifa ya kinachopitika: utando unapenyeka kwa oksijeni, haupenyeki kirahisi kwa sodiamu. Kupenyeza ni kupitisha kwa nguvu au kwa gharama, kama wasemavyo wahenga, penye udhia penyeza rupia. Seli nayo ina rupia yake, ATP, molekuli inayoibebea nishati. Kwa kila molekuli 1 ya ATP, pampu iliyo kwenye utando hutoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, zote zikielekea upande ambako tayari zimejaa. Hapo ndipo "hupenyezwa" hukaa mahali pake. Kwa maji ya papa yule hakuna rupia iliyotoka.

Kuchuja nako kuna mtego. Kifumbu cha tui huchagua kwa ukubwa tu: chicha hubaki, tui hupita. Utando hauko hivyo. Ioni ya sodiamu ni ndogo sana, lakini ina chaji, na tabaka la mafuta la utando huikataa mpaka ipate mlango wake wa protini. Kwa hiyo "utando huchuja" ni maelezo nusu. Afadhali "utando huchagua".

Ama kiwambo, kina asili ya kuwamba, yaani kuvuta ngozi mpaka ikaze juu ya ngoma. Utando wa seli haukukazwa. Ni laini, wenye unene wa nanomita 7 au 8, unaofanana zaidi na ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Mimi nachagua utando. Tena usiuite ukuta wa seli: ukuta ni wa mimea, bakteria na kuvu, hukaa nje ya utando, na papa hana.

Sentensi yenu naiandika hivi: "Papa akipakwa chumvi, maji hupenya utando wa seli zake na kutoka nje, ambako chumvi imekolea zaidi." Baadaye chumvi nayo huingia ndani ya nyama, kwa sababu seli zikifa utando hupoteza uwezo wa kuchagua, hiyo iandikieni sentensi ya pekee, na msiiite osmosisi.