Kabla hujaongeza Panadol nyingine

"Dada, kichwa bado kinauma, niongeze mbili nyingine?" Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo hapa dukani, na anayeuliza mara nyingi amemeza mbili saa moja tu iliyopita. Mimi ni mfamasia. Jibu langu ni lile lile: subiri. Foleni ikiwa ndefu siwezi kueleza sababu, kwa hiyo leo naieleza kwa nafasi.

Dawa nyingi ni lazima zipenye utando unaozunguka seli, na utando huo una asili ya mafuta. Ndiyo maana dawa nyingi hazikai vizuri kwenye maji, ilhali figo hutoa vitu kwa njia ya mkojo, yaani kwa maji. Ukiosha sufuria yenye mafuta kwa maji matupu unajua kinachotokea. Mpaka utie sabuni. Ini ndilo linalotia sabuni. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, huishika molekuli ya dawa na kuibandika kitu kinachopenda maji: asidi ya glukuroniki, ambayo mwili huitengeneza kutokana na sukari, au salfeti, au glutathioni. Dawa ikishabandikwa, kwa kawaida hupoteza nguvu na kutoka kwa mkojo au kwa nyongo.

Sasa tuiangalie parasetamoli, iliyomo ndani ya Panadol. Ukimeza dozi sahihi, karibu nusu yake au zaidi hubandikwa asidi ya glukuroniki, na takribani theluthi hubandikwa salfeti. Kiasi kidogo, kama asilimia 5 hadi 10, hupita njia nyingine na kugeuka kemikali yenye sumu kwa seli za ini. Glutathioni huidaka hiyo sumu mara moja na mambo yanaisha salama. Ukizidisha vidonge, ini haliongezi kasi kwa kuwa tu wewe una maumivu. Salfeti huwa ya kwanza kupungukiwa, njia ya glukuroniki nayo hufikia kikomo, na dawa inayobaki husukumwa kwa wingi kwenye ile njia ya sumu. Glutathioni inaisha. Seli za ini zinaanza kufa.

Ninachokiogopa zaidi ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia kichefuchefu tu, au asisikie chochote. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu na macho ya manjano huja baadaye, na hali huwa mbaya zaidi kwenye siku ya 3 au ya 4. Dawa ya kuokoa ini ipo, inaitwa asetilisisteini, na kazi yake kubwa ni kuusaidia mwili kutengeneza glutathioni upya. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu vidonge vizidishwe. Kwa hiyo mtu aliyezidisha apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka na kuzungumza, na boksi la dawa mwende nalo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge vya miligramu 500 ni 2 kwa mara moja, vipishane kwa saa 4 hadi 6, na visizidi 8 ndani ya saa 24. Kama ni mwembamba sana, amekaa siku kadhaa bila kula vizuri, au ni mnywaji wa pombe wa kila siku, aulize kwanza, maana akiba yake ya glutathioni inaweza kuwa chini na huenda akahitaji dozi ndogo zaidi. Tena angalieni mchanganyiko. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli, na vipo vidonge vya maumivu vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja. Mtu anakunywa vya mafua, vya mgongo na Panadol, akidhani ni dawa tatu tofauti. Soma boksi, likiandikwa acetaminophen, ni parasetamoli hiyo hiyo.

Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, na dawa ya maji ipimwe kwa kipimio chake, si kijiko cha jikoni. Kichanga ni habari nyingine kabisa. Vimeng'enya vyake vya kubandika asidi ya glukuroniki bado havijakomaa. Ndiyo sababu mojawapo ya vichanga wengi kuwa na manjano siku za mwanzo, kwa sababu bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe za damu zilizochakaa, nayo hutolewa kwa njia hiyo. Mwaka 1959 madaktari Marekani waliripoti vifo vya vichanga waliopewa kloramfenikoli, antibayotiki ambayo ini lao halikuweza kuiondoa. Nawaomba mama zangu: kichanga mwenye homa apelekwe hospitali, asipewe dawa iliyobaki ya kaka yake.

Wanaotumia isoniazidi, kwa kutibu au kuzuia kifua kikuu, nao wana lao. Dawa hii hubandikwa kipande kiitwacho asetaili, na kasi ya kimeng'enya kinachokibandika tunairithi. Wenye kasi ndogo ni wengi, na kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Isoniazidi huvuruga vitamini B6, na hapo miguu huanza kufa ganzi au kuwaka moto. Vile vidonge vya pairidoksini mnavyopewa pamoja nayo vina kazi hiyo ya kulinda neva. Msiviache nyumbani kwa kusema ni vitamini tu.

Na ukiwa unatumia ARV zenye dolutegraviri kisha ukaanza rifampisini ya kifua kikuu, vimeng'enya huongezeka na dolutegraviri huondolewa haraka mno. Kwa hiyo kliniki hukuongezea kidonge kingine cha miligramu 50, ukimeze saa 12 baada ya kile cha kawaida. Siku unayomaliza rifampisini usikiache papo hapo: vimeng'enya huchukua muda kushuka, na kwa kawaida kidonge hicho huendelea kwa wiki 2 zaidi.