Je, Nisahihishe Maandishi Huru ya Wanafunzi Wangu?

Swali: Ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari. Kabla ya majadiliano ya vikundi huwapa wanafunzi dakika 10 waandike kwa uhuru kuhusu shairi tulilolisoma. Huandika ovyo ovyo, na wakiingia kwenye vikundi mmoja huzungumza huku wengine wakinakili. Je, nikiyasahihisha maandishi hayo na kuyapa alama, watayatilia maanani?

Jibu: Hapana, Mwalimu. Swali hili huletwa kwangu kila mara, na kila mara kalamu nyekundu ndiyo hudhaniwa kuwa dawa, ilhali ndiyo inayoiua kazi yenyewe. Peter Elbow, Mmarekani aliyeieneza mbinu hii tangu mwaka 1973, aliweka sharti kwamba mkono usisimame na mwandishi asirudi nyuma kufuta wala kurekebisha. Tahajia mbovu na sentensi zilizokatika, basi, si uzembe.

Mwanafunzi akishajua kwamba daftari litakusanywa, huacha kuandika anachokiona na kuandika anachodhani mwalimu anakitaka: "Dhamira kuu ya shairi hili ni umuhimu wa upendo." Sentensi hiyo yaweza kubandikwa kwenye mashairi mia bila kulisoma hata moja. Asiyeogopa alama huandika hivi: "Anasema amesamehe, mbona jina la aliyemkosea linarudi kila ubeti?" Hapo pana jambo la kujadiliwa kipindi kizima, na limetoka kwa mtu ambaye pengine hajawahi kunyoosha mkono darasani.

Kuhusu ukimya, chanzo chake mara nyingi ni agizo lenyewe. Ukisema "jadilini dhamira", umemwita mjuzi mmoja ajibu kwa niaba ya wote. Gawa vikundi vya watu wanne. Kila mmoja asome kwa sauti sentensi moja aliyoichagua mwenyewe katika maandishi yake, bila kukatizwa, kisha watafute mshororo wasiokubaliana juu yake, na kila anayedai jambo aonyeshe neno lililomfanya adai hivyo, kwa maana uhuru wa kuandika haufanyi kila tafsiri kuwa sahihi. Katibu wa kikundi aandike mahali walipotofautiana. Nawe ukiuliza, subiri. Utafiti wa Mary Budd Rowe, uliofanywa katika madarasa ya sayansi, ulionyesha kwamba walimu walisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na walipofikisha sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema.

Kinachonisikitisha zaidi ni biashara iliyozuka pembeni ya darasa la fasihi: vijitabu vya uchambuzi vyenye majibu tayari, na wakufunzi wa semina za nusu siku wanaouza orodha za maswali ya kujadili, majibu yakiwa yamechapwa nyuma ya ukurasa, wakaziita mbinu shirikishi. Kikundi kinachotafuta jibu lililokwisha kuchapishwa hakijadili, kinakisia. Biashara hiyo huzaa wanafunzi wanaoweza kuorodhesha dhamira za kitabu wasichokifungua, na ambao hubaki hawana la kusema mtihani unapowaletea shairi wasilolijua. Ukiviona vijitabu hivyo mezani, viondoe mpaka kila mmoja awe amelisoma shairi lenyewe angalau mara mbili na kuandika ya kwake.