Kabla hujasingwa: ushauri kwa anayekwenda spa Unguja

Kwa wengi wetu spa ni mambo ya hotelini: taulo nyeupe, muziki wa filimbi na bei kwa dola. Unguja mambo hayo yalikuwapo kabla ya hoteli. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga hamamu, yaani nyumba ya kuogea, ya umma pale Hamamni, Mji Mkongwe, na watu walikuwa wakilipa kuingia. Bibi harusi naye mpaka leo huwekwa ndani, akasingwa, yaani akasuguliwa mwili, kwa singo ya mawaridi, asumini, langilangi, mrehani na liwa hadi ngozi ilainike. Singo hiyohiyo sasa unaipata spa, huna haja ya kungoja posa. Mimi huvuka kutoka Dar kila nikipata nafasi, na nilichokiona ni hiki: kemikali zenye majina magumu tunaziogopa wenyewe. Tunaounguzwa, tunaunguzwa na vitu tulivyovizoea tangu utotoni.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, ndiyo ya kwanza. Hina yenyewe hutoa rangi ya chungwa, ikaiva polepole hadi kahawia au wekundu uliokolea. Ukiona mchoro umekuwa mweusi tititi baada ya muda mfupi, hapo imetumika rangi ya nywele, na mara nyingi ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Anayedhurika nayo hutoka malengelenge kufuata maua yaleyale aliyochorwa, tena pengine baada ya siku mbili tatu, wakati mchoraji keshasahau sura yake. Wengine hubaki na kovu, na mwili ukishaikataa PPD, hata rangi ya kawaida ya nywele inaweza kuwavimbisha uso siku za mbele. Nikiambiwa "hii nyeusi ya asili, dada," mimi nashukuru na kuondoka. Hina nyeusi ya asili haipo. Watoto ndiyo wasiguswe nayo kabisa.

Mafuta ya karafuu nayo yana nguvu. Yanayotia ganzi jino linalouma ndiyo hayohayo yanayobabua ngozi yakipakwa bila kuchanganywa. Tone moja kwa vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi linatosha. Ndimu kwenye msugo siikubali kabisa: maji yake yakibaki mwilini ukaenda kuota jua Nungwi, unaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki kadhaa. Kama hujawahi kusingwa, omba kiasi kidogo cha singo siku iliyotangulia, ujipake ndani ya kiwiko ulale nayo. Mwenye mzio wa lozi au karanga aulize mafuta ya kukandia yametengenezwa kwa nini. Na kama unatumia mkorogo usoni, mwambie anayekuhudumia hata kama unaona aibu, maana ngozi iliyokwisha kuchubuliwa haiwezi kusuguliwa tena.

Halafu kuna mafusho. Udi unanukia, kanga imekufunika, mlango umefungwa, chetezo kiko chini. Raha tupu, ila mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko ndani. Dirisha liwe wazi. Kichwa kikianza kugonga au kichefuchefu kikikupanda, usijidanganye kwamba udi ni mkali. Toka nje.

Joto la mvuke ni suala jingine. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, na maji unywe kabla na baada. Joto hupanua mishipa na kushusha presha, kwa hiyo anayemeza dawa za presha anaweza kuinuka ghafla akaona giza. Inuka kwa hatua: kaa kwanza, kisha simama. Mjamzito aachane na sauna na mvuke, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na akikandwa alale ubavu, kwa mtu aliyezoea kukanda wajawazito. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi asipime maji kwa mguu. Apime kwa kiwiko, au mwingine ampimie.

Kuna mazoea yetu ya kukandwa tukiwa na homa. Homa kapime hospitali kwanza. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, usikubali ukandwe hata na bingwa. Huenda ni damu iliyoganda, na ikisukumwa inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu.

Haya yote yaseme ukiwa bado umevaa nguo zako. Ukishalala kifudifudi aibu inakushika, unabaki kuuma meno. Mimi husema, "Bi, nguvu kidogo mabegani, kiuno punguza," na sijaona aliyekasirika. Una haki ya kuchagua kukandwa na mwanamke, kubaki na nguo ya ndani, na kusema basi. Uliza bei mapema pia, ni shilingi au dola, na kodi imo au haimo.

Kwenye kucha mimi ni mkorofi. Kiwembe kifunguliwe mbele yangu, la sivyo naenda na vifaa vyangu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku saba na bado vikaambukiza, na kufuta mkasi kwa kitambaa hakuviondoi.

Ratiba: bahari kwanza, singo baadaye. Ngozi iliyotoka kusuguliwa ikikutana na maji ya chumvi na jua la saa saba, utaimba. Usinyoe wala kung'oa nywele za mwili siku hiyo. Kula kitu chepesi. Biriani na kulalia tumbo havipatani. Jipe nafasi ya kutosha kabla ya boti ya jioni, kwa sababu ukitoka hapo miguu haina haraka. Vaa kanga kuukuu, maana singo yenye manjano haitoki kwenye nguo nyeupe, na ukioga tumia maji matupu, sabuni ingoje kesho.